Majina Arobaini na Mbuzi Mmoja

Shilingi elfu tisini kamili. Hicho ndicho biashara ya majina ilichonigharimu, mwanangu, na kwa kuwa hesabu inayotoka bila chenji hunitia shaka, niliirudia. Ikatoka tisini tena. Zilizorudi mfukoni ni elfu thelathini na saba. Hizo hamsini na tatu zilienda na hazijawahi kunisalimia. Kuna elfu moja nyingine ya kila mwaka ambayo sijaiweka humo. Hiyo nitakuambia mwishoni, na usiifikishe kwa mke wangu.

Juzi ulipokuja hapa Kegonga ukasimama kando ya mashine yangu ya kusaga, vumbi la unga likikupaka mvi kabla ya wakati, uliniuliza kama uendelee kununua na kuuza majina ya mtandaoni au uache. Sikukujibu, kwa sababu mashine ilikuwa inanguruma na wateja walikuwa wametega sikio. Leo stima imepotea. Nina nafasi.

Nakumbuka siku moja, nikiwa na miaka ishirini na saba, nimeketi katika saiba moja, duka la intaneti, pale Suna, mwenye loji fulani ya mjini Migori akaingia na kijana wake aliyetoka chuo. Walitaka kuifungulia loji tovuti. Wakaambiwa jina la loji limeshachukuliwa.

"Na nani?" mzee akauliza.

Nikainua mkono kama mwanafunzi. Nilikuwa nimelisajili miezi mitatu kabla, kwa elfu moja, kwa kujaribu tu, baada ya kusikia kwamba jina la mtandaoni ni la yule anayelilipia kwanza. Nikataka elfu sitini. Akanitukana kidogo, akatoka, akarudi, akasema ishirini. Tukakutana kwenye thelathini na tano. Mwanangu, ukitaka kumharibu mtu mwenye mdomo kama wangu, mpe faida kubwa siku ya kwanza.

Pesa ile yote niliirudisha kwenye majina. Ndani ya miezi miwili nilisajili mengine thelathini na tisa, na sikuyaokota ovyo. Nilikuwa na njia yangu. Pale Suna kulikuwa na fundi wa kuandika vibao, Fundi Ogola, mtu mpole mwenye rangi kwenye kucha hata siku ya kanisa. Yeyote aliyetaka kufungua duka, shule au kinyozi alipitia kwake kwanza. Mimi nikawa namnunulia chai na mandazi, naye ananisimulia vibao alivyoagizwa wiki hiyo. Kabla rangi haijakauka, jina lilikuwa langu. Maskini, alidhani napenda mwandiko wake. Chai hiyo ilifika elfu tatu na mia saba, nayo imo katika ile tisini. Hata jina lake yeye nililisajili, nikijiambia kwamba ipo siku atataka kujulikana.

Kisha nikakaa kungoja. Mwaka wa kwanza ukaisha bila mtu kubisha hodi. Nikalipia upya yote thelathini na tisa, kwa pesa niliyopata kwa kuuza simu zilizotumika. Nilikuwa nayalisha kila mwaka na bado nayaita akiba.

Mwaka wa pili ulipoelekea kuisha, mambo mawili yakaja pamoja. Mzee Chacha, Mkuria wa hapa Kegonga ambaye niliwahi kumuuzia simu, aliniambia amechoka na vumbi na anauza mashine yake ya kusaga. Alitaka elfu hamsini mkononi, iliyobaki nilipe polepole nikisaga. Angenisubiri hadi mwisho wa mwezi, si zaidi, maana alikuwapo mnunuzi mwingine kutoka ng'ambo ya mpaka. Nami duniani kote nilikuwa na elfu hamsini na nane. Wiki hiyo hiyo kampuni ya usajili ikaanza kunitumia ujumbe: elfu thelathini na tisa, la sivyo majina yanaachiliwa. Nikahesabu mara mbili. Ilikuwa ama mashine, ama majina.

Mtu mwingine angechagua. Mimi nikaamua kuuza jina moja nono ili nipate vyote viwili. Katika daftari langu lilikuwapo Dani Awuor. Dani kwa Dholuo, lugha yetu Wajaluo, ni nyanya, yaani bibi. Fundi Ogola alikiandika kibao hicho kwa rangi ya bluu, kazi ya Mama Risper, muuzaji wa jumla wa omena, wale dagaa wa ziwani, huko Homa Bay, alipofungua duka la pili Suna. Huyo ana pesa, nikajiambia. Nikaenda Homa Bay na bei yangu kichwani: elfu hamsini, mwisho arobaini.

Nilimkuta kwenye stuli, mkono umezama ndani ya gunia lililotoka kisiwa cha Mfangano, anachota omena na kuzinusa. Nikamweleza taratibu kwamba akitaka kufungua tovuti, jina la duka lake liko kwangu.

"Jina gani?"

"Dani Awuor, mama."

"Liko kwako tangu lini?"

"Huu mwaka wa pili unaisha."

Nikangoja matusi, kwa sababu kwangu mimi matusi ndiyo mlango wa bei. Yeye akasimama, akajipangusa mikono, akanisogezea ile stuli.

"Kaa, Dani," akasema. Kisha akawaita wanawake wa vibanda vya jirani. "Njooni muone! Si mlikuwa mkiniuliza mama yangu alienda wapi? Amepatikana. Anakaa Suna, anauza simu!"

"Uwi! Na ameota ndevu!" akasema mmoja.

"Huko alikokuwa chakula ni kidogo," akasema mwingine. "Hebu ona shingo."

Awuor alikuwa mama yake mzazi, aliyeianza biashara ile kwa beseni moja, na alikuwa amezikwa kwao Mfangano. Wajukuu ndio waliomwita Dani, na wateja wakaiga. Sasa wewe unajua desturi yetu. Mtoto akipewa jina la marehemu, watu wa nyumbani humwita kama walivyomwita marehemu, humheshimu hivyo, na humtwika mizigo yake. Mimi mwenyewe nina jina la babu, na nikiwa mtoto wa darasa la pili wazee wenye mvi waliniita baba na kuniomba tumbaku. Hayo yote niliyajua. Ila sikuwa nimefikiri kwamba jina la kwenye kibao nalo lilitoka kwa mtu.

"Mama, tuongee bei," nikasema. "Elfu hamsini."

"Hamsini za nini, Dani? Umewahi kuona mama akimuuzia mtoto jina?" Hakuwa anacheka tena. "Wewe umelibeba, basi libebe vizuri. Uzio wa kaburi lako umeanguka. Na kumbukumbu yako ni Jumamosi ya wiki ijayo. Watu wako wanakungoja."

Nilirudi Suna nikidhani ni mbinu ya kuniteremsha bei. Kesho yake simu ikalia. "Dani, habari ya Suna? Mimi mjukuu wako wa Mfangano. Viatu vyangu vya shule vimeisha." Baadaye mzee mmoja: "Mama, mabati yanavuja." Nambari niliyomwachia Mama Risper alikuwa ameigawa kisiwani kama mwaliko wa harusi. Katika siku nne nilipokea simu kumi na moja, zote za heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyonimaliza. Anayekutukana utamjibu. Anayekuita mama huku akikuomba mabati, utamwambia nini?

Jumamosi ilipofika nilinunua mbuzi wa elfu tano na mia tano nikaenda Mfangano. Usiniulize kama ulikuwa woga au aibu. Nilivipima mara mbili, vikatoshana. Nauli ya safari zote mbili, hiyo ya kisiwani na ile ya Homa Bay, ilikuwa elfu moja na mia nane.

Watu walipomaliza kula, Mama Risper akaja kuketi karibu nami.

"Nyathina," akasema, na hapo ndipo aliponiita mtoto wake kwa mara ya kwanza badala ya mama yake. "Una majina mangapi namna hii?"

"Thelathini na tisa, na hili lako likiwemo."

"Wangapi wamekutafuta wakiyataka?"

Nikahesabu. Nikarudia. "Hakuna, mama. Hata wewe nilikufuata mwenyewe."

"Sasa sikiliza. Omena zangu zikikaa zikaanza kubadilika harufu, siwezi kumuuzia mtu. Nawauzia wafugaji wa kuku. Napata nusu, siku nyingine robo, lakini gunia linatoka na kesho nanunua lingine. Tena likilala stoo halinitumii ujumbe kunidai elfu moja. Hayo majina yako yakikosa mtu, utauzia kuku gani?"

Nikayapitia majina yangu kichwani, moja moja. Mimi, ninayeweza kubishania bei ya kiberiti mpaka njiti ziishe. Sikuona kuku yeyote.

"Nakuachia jina lako, mama," nikasema. "Nipe tu nilicholipa. Elfu mbili."

Alizifungua kwenye kitambaa, akazihesabu, akazihesabu tena. Hapo nikampenda.

"Na mbuzi je?" nikajaribu.

"Mbuzi ulikula paja zima. Nilikuona."

Jumatatu nilikuwa hapa Kegonga na elfu hamsini na mbili na mia saba. Mzee Chacha alipokea hamsini zake akinitazama kwa jicho la pembeni. "Nasikia umekuwa mwanamke wa Mfangano," akasema. "Usijali, hata wanawake wanaendesha mashine." Nilicheka mpaka nikaegemea mashine.

Zile jumbe za kampuni ya usajili ziliendelea kuja, moja moja, kila jina likiaga siku yake. Ule wa kwanza uliniuma. Wa pili ukanigusa tu. Kufikia wa tatu nilihisi kama mtu anayevua viatu vilivyombana tangu asubuhi, na zilipofika thelathini na saba nilikuwa pekupeku kabisa. Siku moja nikapita Suna, nikakiona kibao kipya cha kinyozi, nikakisoma chote na kucheka kwa sababu kilichekesha. Nilikuwa nimesahau kwamba kibao kinaweza kusomwa bila kukitilia bei.

Sasa jibu lako. Sisemi biashara hii haina watu wanaoishi kwayo. Jina ulilolibuni kichwani mwako ukampata anayelihitaji ni jasho lako, liuze bila haya. Lakini fungua daftari lako sasa, kabla ya mwezi wa kulipia kufika. Kila jina ulilolitoa kwenye kibao cha mtu, mpelekee mwenyewe kwa bei uliyolipa, na akikupa chai, kunywa. Yaliyobaki jiulize ni simu ngapi zimekuja bila wewe kuwafuata watu. Kama hakuna, usilipe mwaka mwingine kwa kuuonea huruma uliopita. Mimi nililipa wa pili kwa sababu nilikuwa nimeshalipa wa kwanza, na ukinishika koo leo sina sababu nyingine ya kukupa. Faida ya loji ilikuwa ya loji. Haikuniahidi kitu, ni mimi niliyeisemea.

Mungu akupe mali ambayo hata ikikosa mtu itapata kuku. Akupe wateja wanaokutafuta wenyewe, na watu wako wakuite kwa jina lako kwa furaha, si kwa kukudai mabati.

Imebaki ile elfu moja. Katika yale majina kuna moja nililoshindwa kuliachia, la Fundi Ogola. Alipokuwa hai niliona haya kumwambia, akafariki miaka sita iliyopita bila kujua. Kila mwaka ujumbe ukija nalipa kimyakimya, maana tangu Mfangano siwezi kulitupa jina la marehemu, hasa marehemu niliyemnyonya kwa mandazi. Binti yake anaandika vibao pale pale Suna, na mkono wake ni mzuri kuliko wa baba. Nataka kumpa jina hilo bure, bila hata shilingi. Lakini ataniuliza nililipataje, na itabidi nimweleze ile chai ilikuwa ya nini. Wewe ni wa rika lake, mnajua mnavyozungumza. Nishauri, mwanangu: nikimwendea, nianze na jina, au nianze na chai?