Jibu la Nyuma ya Kitabu

Nilipomaliza shahada ya kwanza nilirudi nyumbani, karibu na Shianda, nikapata kazi ya kufundisha fizikia katika shule ya sekondari. Miaka hiyo ya tisini ungeweza kuzunguka Kakamega mjini siku nzima usipate kitabu cha fizikia ya juu. Nilikuwa nacho kimoja, kikuukuu, nilichokinunua kwa mwanafunzi aliyenitangulia chuoni. Nilikisoma kila jioni nikitoka shule, kwenye meza iliyotazama miwa ya baba. Nilitaka kurudi kufanya shahada ya pili, na sikutaka kurudi mtupu.

Mama alikuwa akipita na beseni lake la mboga, ananichungulia.

"Mwalimu, hii kitu unasomanga kila siku si ulishamaliza?"

"Hii haiishi, mama."

"Sasa walikupea ile kofia ya nini?"

Nilicheka, nikageuza ukurasa.

Ukijisomea peke yako hakuna wa kukuambia umekosea, ila zile kurasa za mwisho zenye majibu. Nilifanya swali, nikafunua nyuma, na yakilingana nikaweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu ya shuleni. Swali moja la nishati lilinitesa wiki mbili. Kila nikilifanya nilipata mara mbili ya jibu la kitabu. Mwishowe nikaandika kwamba umbo lililochorwa kwenye swali lina pande mbili zinazofanana, kwa hiyo upande mmoja unatosha, nikagawa kwa mbili. Nikaweka vema. Nilifurahi mno, hata nikaenda jikoni kula bila kuitwa.

Wanafunzi wangu wakifanya hivyo niliwasimamisha mbele ya darasa na kuwaambia wanalazimisha jibu. Langu niliona ni ugunduzi.

Desemba mhadhiri wangu wa zamani alikuja likizo kwao Iguhu. Ndiye niliyetaka aniandikie barua ya kunipendekeza chuoni, kwa hiyo nilimpelekea daftari langu. Aliniandalia chai, akapindua kurasa taratibu, akausifu mwandiko. Kisha akafika kwenye lile swali.

"Hapa umegawa kwa mbili kwa nini?"

Nikamweleza habari za pande mbili, kwa kujiamini.

"Hilo jibu la kitabu lina kosa la chapa," akasema. "Darasa la shahada ya pili tunawaambianga siku ya kwanza. Lako la mwanzo ndilo lilikuwa sawa."

Niliona aibu, masikio yakawaka moto. Nilikuwa nimethibitisha uongo kwa kurasa nne, tena kwa mwandiko mzuri.

Hakucheka. Alirudi ukurasa wa kwanza, akapitisha kidole kwenye zile alama nyekundu, moja baada ya nyingine.

"Na haya mengine yote," akauliza, "ulikuwa ukiangalia nyuma kabla ya kumaliza, ama baada?"

Nilifungua kinywa nimjibu, nikagundua kwamba sijui.