Mgeni Asiyetajwa Jina

Makvala alikuwa na mkono mzito, na kijiji kizima kiliujua. Siku ya harusi yake alimzaba kofi shemeji mlevi hadi kofia ikaangukia kwenye sufuria, kisha akarudi kula mkate wake kama vile hakuna lililotokea. Mikono hiyo aliipata kwenye mitungi. Tangu usichana alisugua mitungi ya mvinyo ya ukoo, ile inayofukiwa ardhini hadi shingoni, mirefu kiasi kwamba mtu mzima akiingia na kuinua mikono haonekani. Kabla ya kuingia alishusha mshumaa kwa uzi. Ukizimika, haingii mtu, hata awe askofu.

Uzito wa mumewe, Jumber, ulikuwa mdomoni. Kwenye kila karamu ndiye aliyekuwa tamada, mwongoza meza, na alijua kusema mpaka watu wazima wakalia. Akilewa sana hasira ilimpanda, akawatukana mpaka watu wale wale wakashika visu. Makvala alimpenda hivyo hivyo, ajabu ya Mungu. Hofu yake ilikuwa moja tu, kwamba Malkhaz, mtoto wao wa pekee, angerithi hasira ile.

Vuli ile, siku ya kumaliza kuvuna, meza ilitandikwa uani chini ya mizabibu. Kulikuwa na mishikaki, jibini na mkate uliotoka tanurini. Miongoni mwa wageni alikuwapo mchungaji wa milimani aliyeteremsha kondoo zake bondeni, akawasaidia kuvuna. Jumber alimtaja kila mgeni kwa jina na sifa zake, watu wakaitikia na kumaliza bakuli la mvinyo. Alipomfikia mchungaji, akakwama. Jina lake hakulijua, na badala ya kuuliza kwa adabu, akacheka.

"Na huyu mnuka mavi ya kondoo naye, Mungu amtunze, maana sabuni imeshindwa!"

Meza ikaangua kicheko. Mchungaji akasimama.

"Mzee, nina jina. Litaje."

"Kondoo wako wanakuitaje? Mee? Haya jamani, bakuli juu, tumnywee Mee!"

"Nimekula mkate wako, mzee. Niulize tu, nitakwambia."

Jumber akamtwanga usoni kwa pembe la kunywea, jino likaruka mezani. Mchungaji akachomoa kisu cha kuchunia, kikazama chini ya mbavu za Jumber hadi mpini. Benchi likapinduka, wanawake wakapiga mayowe, wanaume wakakimbilia bunduki. "Karuka ukuta!" mtu akapiga kelele, na wote wakamwagika barabarani, Malkhaz mbele yao na kisu cha nyama mkononi.

Makvala alibaki na kichwa cha mumewe mapajani mpaka pumzi ilipokatika. Alipoingia kwenye ghala la mvinyo kutafuta kitambaa cha kumfunika, akasikia kikohozi kikitoka ardhini.

Kilitoka kwenye mtungi ambao mvinyo wake ulihamishwa asubuhi. Makapi ya zabibu yalikuwa yamebaki chini yakichacha, na hewa ya makapi huua bila kelele. Mtu wa milimani angejuaje? Aliona shimo, akaona maficho.

Makvala akasimama pale. Hakuhitaji kuinua hata kidole, ni kungoja tu. Na alingoja, tusidanganyane. Alitaka afe.

"Kuna mtu huko?" sauti ikasema. "Sioni... sioni kitu."

"Wewe nani?" akauliza, ingawa alijua.

"Imeda. Mimi Imeda."

Alijitaja kama mtoto anayebisha hodi. Makvala akamlaani, akamlaani na mama aliyemzaa, kisha akatupa kamba. Mgeni aliyeingia kwako ni wa Mungu, ndivyo tulivyofundishwa. Aliyeitunga sheria hiyo hakuwa na maiti ya mumewe uani.

Imeda alikuwa sakafuni akitapika Malkhaz alipoingia.

"Mama, toka hapo."

Makvala akavua kitambaa chake cha kichwa, akakitupa kati yao. Mbele ya kitambaa cha mwanamke wanaume wa kwetu huacha kupigana. Hata wezi wa farasi wamekiheshimu. Malkhaz akakikanyaga na kupita.

Kisu kikamchana Imeda bega. Wakakabana koo, wakapigana vichwa, huku sakafu ikiteleza kwa damu na maji ya zabibu. Malkhaz akarudi hatua moja nyuma, na nyuma yake hapakuwa na sakafu. Alitua kwa miguu ndani ya mtungi, akafungua kinywa atukane, akavuta ile hewa, magoti yakakunjika.

Makvala akajitupa kwenye mdomo wa mtungi. Imeda akamkamata nywele, akamrudisha nyuma.

"Ukiingia wewe nani atavuta? Mkono wangu huu umekufa!"

Mlango ulikuwa wazi, na njia ya milimani haikuwa na mtu. Imeda aliutazama mlango ule, na Makvala akamwona akiutazama. Kisha Imeda akauma ncha ya kamba, akavuta pumzi, akashuka.

Kamba ilipotikisika Makvala akavuta, mpaka viganja vikachunika. Malkhaz akatoka amefungwa kwapani, uso wa buluu. Mama akampiga kofi, akampiga tena, mkono ule ule mzito, mpaka akakohoa. Makvala akaishusha kamba upya.

"Imeda! Shika! Imeda!"

Kamba ikarudi tupu. Wanaume walirudi na kumvuta kwa kulabu ya kisima, lakini hapakuwa tena na mtu wa kuokoa.

Jioni ndugu wa Jumber walitaka kuitupa maiti ya mchungaji mtoni. Makvala akawakingia njia.

"Atakayemgusa nitamvunja taya."

Waliujua ule mkono. Wakamlaza kando ya Jumber.

Malkhaz, sasa mkuu wa nyumba, akadondosha mvinyo kwenye mkate, kama tunavyowanywea wafu wetu, akalitaja jina la baba yake, akanywa. Kisha akajaza bakuli tena na kumgeukia yule maiti wa pili. Mama yake alikuwa amekivaa kile kitambaa, alama ya kiatu cha mwanawe ikiwa katikati ya paji la uso. Malkhaz akafungua kinywa, akakwama.

"Mama," akasema. "Anaitwa nani?"