Uji wa Mtu wa Ng'ambo

Ungepita Vingunguti asubuhi ile, ungemkuta Bi Wahiba kasimama ukingoni mwa mtaro nyuma ya nyumba yake, anakohoa kikohozi cha uongo. Alikuwa anatafuta namna ya kumsemesha jirani yake Mama Gozbert. Walikuwa wamenuniana tangu bata wa Bi Wahiba walipovuka mtaro wakaumaliza mchicha wa watu.

Na shida ilikuwa kubwa. Binti yake Salsabil alikuwa na mimba ya kwanza, siku zimekaribia, na uji wa mto haujapikwa. Kwao Bi Wahiba ni kule Mto Ruvuma unakomwaga maji baharini, huku Tanzania, upande wa pili Msumbiji. Mama mjamzito hunyweshwa uji ule ili ajifungue salama, na konzi ya kwanza ya mchele lazima itiwe na mtu wa ng'ambo. Awe wa msikitini, awe wa kanisani, mto hauulizi. Wa kule huvuka na rozari yake shingoni, wa huku wakamfukizia ubani.

Sasa Vingunguti, mbali huku na Ruvuma, mtu wa Msumbiji utamtoa wapi?

"Mama, ng'ambo si ng'ambo tu?" Salsabil alikuwa amemwambia, akiutazama mtaro.

Ndiyo maana ya kikohozi.

"Kama ni kifua, duka la dawa liko kule," Mama Gozbert akajibu, macho kwenye sufuria anayoisugua.

"Si kifua, shoga yangu. Ni mjukuu." Akamweleza yote.

Mama Gozbert, mzaliwa wa Bukoba, akafuta mikono taratibu. "Kumbe miaka yote hii naishi nje ya nchi!"

Akaruka mtaro. Yeye akafanya ishara ya msalaba, Bi Wahiba akasema bismillahi, mchele ukaingia chunguni. Ulipoiva, Salsabil akanywa kikombe, akaomba kingine.

"Haya, mie narudi kwetu."

"We! Mtu wa ng'ambo harudi mikono mitupu, mwiko. Chagua chochote hapa uani."

Mama Gozbert hakuhangaika. Akamnyooshea kidole bata dume. "Huyo. Mchicha wangu umo humo tumboni."

Bi Wahiba akamtazama bata. Kipenzi chake! Akalitazama tumbo la Salsabil, akamkamata bata, akamkabidhi.

Jioni bata akavuka mwenyewe, akarudi kwao.

"Mama Gozbert! Mtu wako huku!"

"Mlaze huko huko," sauti ikajibu toka ng'ambo. "Kesho nitamfuata, nimwone na mjukuu kama kafika."