Shukrani Zilizomruka Bwana Usingizi

Katika chumba cha chini cha hospitali, jirani na mashine za kufulia zinazounguruma kutwa, alifanya kazi fundi cherehani mmoja ambaye jina lake halisi lilibaki kwenye faili tu. Watu wote, kuanzia mganga mkuu hadi mlinzi wa getini, walimwita Bi Pindo. Walikuwa na sababu. Mama huyu hakuwahi kuliona pindo lililofumuka akalipita. Ukisimama mbele yake kwenye foleni, unashtukia ameinama nyuma yako na sindano, huku anakuuliza habari za nyumbani.

Siku moja muuguzi wa wodi ya watoto njiti alimshushia shuka, akamwomba alikate vipande vya ukubwa wa taulo la mkono.

"Vya kupangusia?" Bi Pindo akauliza.

"Vya kitandani, dada. Wagonjwa wangu ni wadogo."

Alivipiga pindo vyote, kisha akapanda ngazi kuvipeleka mwenyewe. Huko juu alikuta watoto wawili wamelazwa kwenye mashine moja ya kutia joto, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule, kwa kuwa mashine zilikuwa tatu na watoto watano. Alishuka akiwa bado anawahesabu. Kwa hiyo tangazo lilipobandikwa kwamba wafanyakazi watasafiri kwa baiskeli siku sita kuchangia mashine nyingine, jina lake lilikuwa la pili kwenye karatasi. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na baiskeli yenye kikapu mbele.

"Mama, si ungebaki uwashangilie wenzako?" binti yake alimwambia.

"Nitawashangilia nikiwa mbele yao."

Mbele hakuwahi kufika. Siku zote sita alikuwa wa mwisho. Lakini katika kutafuta wafadhili hakuna aliyemfikia hata nusu. Mwenye mashine ya kusaga alitoa unga wa kuwalisha wasafiri wote kumi na wawili. Fundi baiskeli wa kona alitoa mipira na gundi ya viraka. Kinyozi aliweka kopo la michango mbele ya kioo, na alikuwa hamfungui mteja shuka la shingoni mpaka asikie kopo limelia. Na Bwana Usingizi, muuza magodoro, mtu mnene mwenye sauti ya kengele, alitoa gari lake la mizigo liwafuate nyuma na mabegi. Dereva wake alipougua homa mkesha wa safari, alishika usukani mwenyewe.

Siku ya tatu mvua iliwakamata kwenye mlima mrefu. Wenzake walishapotea mbele. Bi Pindo alikuwa anakanyaga pedali moja kwa kila pumzi, na gari linamfuata kwa mwendo wa konokono. Bwana Usingizi akatoa kichwa dirishani, mvua inamchuruzika puani.

"Dada, panda gari! Hakuna atakayekuona!"

"Mungu ananiona!"

"Basi jisogeze kidogo, aone unakwenda!"

Alicheka mpaka akakaribia kuanguka, na kicheko hichohicho ndicho kilichompandisha mlima. Kileleni Bwana Usingizi, aliyempita hatua za mwisho, alikuwa keshashuka garini, amemtandazia turubai, anampigia makofi peke yake katikati ya mvua kama uwanja mzima wa mpira.

Jumamosi walirudi. Uwanja wa hospitali ulijaa watu, viti vilikodiwa, kipaza sauti kikalia na kunyamaza na kulia tena. Michango ilikuwa imetimia, na mashine nne zilikwisha kuagizwa. Bi Pindo ndiye aliyepewa kazi ya kuwashukuru wafadhili. Orodha aliiandika vizuri na kuiweka kifuani, bila kukumbuka kwamba kifua hicho kingetoka jasho la siku sita. Alipoikunjua, wino ulikuwa umekuwa ziwa.

Akasema kwa kichwa. Alimshukuru mwenye mashine ya kusaga, akamshukuru kinyozi na kopo lake, akamshukuru fundi baiskeli, shule iliyowalaza, hata mbwa aliyewafukuza siku ya pili wakaokoa nusu saa. Watu walicheka, wakapiga makofi, wakapiga vigelegele. Alirudi kitini amejaa furaha.

Muuguzi wa njiti akamwinamia sikioni. "Dada, na Bwana Usingizi?"

Bi Pindo akajipiga paji la uso. Akageuka. Mstari wa mbele, alipokuwa ameketi na shati lake jipya la buluu, kulikuwa na viti viwili vitupu.

Kesho yake asubuhi alikuwa dukani. Bwana Usingizi alikuwa anapiga vumbi godoro kwa fimbo kana kwamba limemtukana.

"Karibu, mteja," alisema bila kugeuka. "Unataka la inchi ngapi?"

"Kaka, nimekuja kuomba radhi."

"Radhi hatuuzi hapa. Tuna mito pia, ukipenda."

Mkewe akatokea nyuma ya rundo la magodoro, amejifunga kanga kiunoni, anajikaza asicheke. "Wifi, kaa nikwambie. Usimwone anapiga godoro. Jana alimleta mama yangu. Alikodi teksi ya kwenda na kurudi, akamkalisha mbele kabisa, ili mama asikie jina la mkwewe linatajwa."

"Nyamaza, mke wangu."

"Sinyamazi. Wifi, mama yangu alitaka niolewe na mwalimu. Miaka kumi na tisa sasa, bado anamwita huyu 'yule wa magodoro'."

Bwana Usingizi akaacha fimbo. Uso wake mpana ulikuwa wa mtoto aliyenyimwa. "Akaniuliza kwenye teksi, 'Mkwe wangu, masikio yangu ya uzee, jina lako lilikuwa la ngapi?' Nikamwambia, 'La mwisho, Mama, lilimezwa na makofi.' Akasema, 'Ahaa.' Dada, wewe hujui 'ahaa' ya mama yule."

Bi Pindo alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Alikaa juu ya godoro ambalo halijafunguliwa nailoni, likapiga kelele chini yake.

"Kaka, nikwambie ukweli, uamini usiamini. Usiku kucha nimejiuliza nilikusahau vipi. Nilipokuwa nasimama pale nilikuwa nawatafuta kichwani watu walionipa kitu: huyu unga, huyu kopo. Wewe sikukuona kati yao. Nilikuwa nimeshakuweka na sisi, waliotoka jasho. Mtu hasimami mbele ya watu akajishukuru mwenyewe."

Muuza magodoro akajikuna shingo.

"Hayo ni maneno mazuri," alisema. "Tatizo mama mkwe hajayasikia."

"Anakaa wapi?"

Saa kumi jioni wanawe na wajukuu wa mama huyo walisikia kengele za baiskeli mtaani, nyingi kwa mpigo. Baiskeli kumi na mbili ziliingia uani, wapandaji wamevaa fulana za safari zilizofuliwa vizuri, nyuma yao gari la magodoro, na ndani ya gari Bwana Usingizi amekaa wima, shati la buluu limerudi mwilini. Mama mkwe alikuwa kibarazani anachambua mchele kwenye ungo. Alikuwa mwembamba, mnyoofu, na jicho lisilokosa punje.

"Kuna msiba?" aliuliza.

"Hapana, mama, shikamoo," Bi Pindo akasema. "Tumeleta shukrani. Jana nilimsahau mtu, na ni mtu wako."

"Marahaba. Mtu wangu yupi?"

"Mkweo."

Mama akaweka ungo chini. "Yeye aliniambia alitajwa."

Ua mzima ukageuka kumtazama Bwana Usingizi. Akatazama viatu vyake. "Nilikuficha, Mama. Niliona aibu."

"Nilijua," mama akasema. "Mimi masikio yangu ni mazima. Haya, mwanangu, mshukuru sasa, nisikie alifanya nini."

Bi Pindo hakuwa na orodha, na hakuihitaji. Alieleza mlima na mvua, na kichwa dirishani. Mpishi wa hospitali, aliyekuwa na baiskeli nyekundu, alidakia kwamba siku ya nne alipoteguka mguu, Bwana Usingizi alimbeba mgongoni hadi garini kama gunia. Mwingine akasema kwamba magodoro ya dukani waliyalalia wao shuleni, mwenyewe akalala kwenye kiti cha dereva, magoti yamegusa usukani, na akapiga honi usingizini mara mbili.

"Mara tatu," akasahihisha muuguzi, na watu wakaangua kicheko.

Mama mkwe hakucheka. Alimwita mkwewe kwa kidole, naye akapanda kibarazani kwa adabu. Mama akamtengeneza ukosi wa shati.

"Ungeniambia ulimbeba mtu mgongoni," alisema, "nisingekuuliza habari za jina. Ahsante, mwanangu."

Ni neno "mwanangu" lililomwangusha. Bwana Usingizi, na mwili wote ule, alitafuta leso mfukoni akatoa risiti ya mito, akajifutia hiyohiyo.

Chai ilipoandaliwa watu wakakaa popote palipokalika. Mama mkwe akaizunguka baiskeli ya Bi Pindo, akabonyeza tairi, akapiga kengele.

"Nilipokuwa msichana niliwashinda kaka zangu wote," alisema. "Nishikieni."

"Mama, una miaka sabini na mmoja!" binti yake akapiga kelele.

"Sijauliza miaka, nimesema nishikieni."

Wakamshika, wakamwachia. Alizunguka ua mara moja akiyumba, mara ya pili amenyooka, kanga inapepea, wajukuu wanamkimbilia nyuma, na Bwana Usingizi anatweta ubavuni mwake mikono imetandazwa kama godoro la kumdaka.

"Breki, Mama! Breki!"

"Niache, mwanangu! Sasa ndiyo naanza!"

Alisimama mwenyewe kwenye uzio wa maua, mguu mmoja chini, anahema, macho yanang'aa. Akawageukia wote kumi na wawili.

"Majina ya mwakani," aliuliza, "anaandika nani?"