Chafya ya Bibi Natsue

Asubuhi tuliyoondoka Mbeya, Ambakisye, dereva wetu, alikuwa anafuta vioo vya gari ambalo tayari lilikuwa safi. Nilimkuta uani kwake, mtaa wa Soweto, suruali ameikunja hadi magotini. Mkewe, Mama Neema, alikuwa anapanga chakula cha njiani kwenye ndoo yenye mfuniko: ndizi za kuchemsha, maparachichi, karanga. Nilikuwa nimetoka Iringa jana yake na nilikuwa na njaa. Nikachukua ndizi moja bila kuuliza.

"Mama Neema, mfungie mbwa wako ndani," Ambakisye akasema. "Mhehe ameshafika, atamla."

"Mnyakyusa asiye na maneno bado hajazaliwa," nikamjibu.

Mama Neema alicheka, akaniongezea ndizi ya pili. Pembeni, juu ya kigoda, bibi wa Kijapani mwenye miwani mikubwa myekundu alikuwa anacheka kuliko sisi sote, ingawa hakuelewa hata neno moja. Huyo alikuwa Bibi Natsue, na mimi nilikuwa mkalimani wake. Kijapani nilianza kujifunza kijijini Idodi, kwa mwalimu wa kujitolea kutoka Japani aliyetufundisha hesabu sekondari, kisha nikakisomea huko huko kwao miaka mitatu.

Kwao hakuna aliyehitaji kuambiwa Bibi Natsue ni nani. Alianza redioni akiwa binti, akiigiza sauti za kuku, treni na mama mkwe katika vipindi vya watoto. Televisheni ilipoingia walimchukua kwa sababu ya uso wake, ambao aliweza kuukunja namna yoyote aliyotaka. Kwa miaka mingi aliendesha kipindi cha jioni ambamo waziri na muuza samaki walikalia kiti kimoja, na wote aliwatania sawasawa. Alikuwa na makelele. Aliniambia watu wazima wa nchi yake walikua wakiwasikia mama zao wakisema, "Punguza sauti, Natsue ameanza."

Alipofika makamo akaamua kuyatumia makelele yale kuwachangia watoto wenye utapiamlo. Kila mwaka alikwenda nchi moja yenye shida, na kamera nyuma yake. Iringa alikuja mara mbili. Nimeona watu mashuhuri wanaokuja, wanabeba mtoto, wanapigwa picha, wanaondoka. Yeye aliuliza jina la mtoto na jina la mama, na mwaka uliofuata aliwakumbuka wote wawili. Simfanyi malaika. Alikuwa mbishi kupita kiasi, na ubishi wake ndio uliotuweka mahali ambapo tusingekuwapo.

Safari ile ilikuwa ya Kongo. Tulipita Tunduma, tukakatiza Zambia, siku ya tatu tukafika mji mdogo wenye parokia na kituo cha afya. Wapiga picha wake wa Kijapani, waliotangulia kwa ndege, walifanya kazi yao siku tano. Siku ya sita, Ijumaa, ikaja habari kwamba wapiganaji wamevuka mto, na ndege ndogo ikatumwa kuwachukua Wajapani. Wapiga picha walipanda. Bibi Natsue alikataa. Alikuwa amewaahidi watoto wa wodini maonyesho siku ya Jumapili, na sisi tulikuwa na gari, tungeondoka Jumatatu.

"Mwambie vita haina Jumapili," Ambakisye alisema.

Nikamwambia. Akajibu kwamba mtoto mgonjwa hapewi ahadi ya uongo. Ambakisye alitikisa kichwa, akaenda kulificha gari nyuma ya jiko na kulifunika kwa majani ya migomba. Angeweza kuondoka siku ile. Funguo zilikuwa zake na barabara ilikuwa wazi. Nilimuuliza kwa nini haondoki, akasema, "Nimewaleta wawili, nirudi na ndoo tupu? Mama Neema atanifukuza."

Risasi zilianza Jumamosi, saa nne asubuhi.

Mama Furaha, muuguzi wa kituo, alituingiza kwenye stoo ya unga. Watoto kumi na mmoja, yeye, Ambakisye, Bibi Natsue na mimi. Mlango wa mbao. Dirisha moja, dogo, karibu na dari. Akatuambia neno moja tu: kimya.

Tulikaa humo siku nne.

Mtu ambaye hajawahi kufungiwa na watoto wadogo hajui kimya ni kitu gani. Mtoto mwenye njaa analia. Mwenye kikohozi anakohoa. Nje tulisikia wanaume wakipita, wakivunja milango, mara wakicheka. Joto la mabati lilitushukia kutoka juu, na ndoo ya haja ilikuwa palepale miguuni petu. Nilikuwa nikihesabu mafundo ya ubao wa mlango, nikifika mwisho naanza upya. Nilikuwa naogopa muda wote, hata nilipolala.

Bibi Natsue ndiye aliyewanyamazisha watoto. Mwanamke aliyepata mkate wake kwa kupiga kelele alifanya maonyesho yake siku nne bila kutoa sauti. Alijifanya mtu anayemkimbiza kuku. Alijifanya mama mkwe anayeonja mboga yenye chumvi nyingi. Alikuwa na zaidi ya miaka sabini, magoti yanamuuma, na aliyapiga magoti yale kwenye sakafu ya saruji. Watoto walijifunza kucheka kwa mabega tu. Kila kicheko kilipokaribia kuwa na sauti, aliweka kiganja mdomoni mwake mwenyewe, nao wakaweka vya kwao.

Siku ya tatu nilimuuliza kwa kunong'ona mchezo ule aliufundishwa na nani. Alisema aliuanzisha akiwa na miaka sita, kwenye shimo la kujificha mabomu, kwa ajili ya mdogo wake. Mdogo wake alikuwa analia, na watu waliokuwamo shimoni walikuwa wanamtazama mama yao kwa macho mabaya.

"Akanyamaza?" nikauliza.

"Alinyamaza. Mabomu hayakumpata. Njaa ilimpata vita ilipokwisha."

Halafu akarudi kwa watoto, akaendelea na kuku wake.

Siku ya nne, mchana, risasi zilikoma. Kimya kikawa kirefu hadi tukasikia kunguru juu ya bati. Mama Furaha alikuwa amesinzia. Ambakisye alikuwa ananyoosha mguu wake kidogo kidogo, kwa sababu ulikuwa umekufa ganzi. Watoto wote walikuwa wametulia.

Nyayo zikaja hadi mlangoni. Za mtu mmoja, taratibu.

"Hodi," akasema.

Sauti yake haikuwa ya ukali. Ilikuwa ya mtu aliyechoka, kama jirani anayekuja kuomba chumvi. Kwetu Mlandege, Iringa, mtoto anaitikia hodi kabla hajajua kufunga vifungo vya shati lake. Asipoitikia anaulizwa kama amelelewa porini. Mama yangu aliwahi kunitia kofi kwa kukaa kimya mgeni akiwa mlangoni.

"Karibu," nikasema.

Nilisikia neno likitoka. Nililisikia kwa masikio yangu, kama limesemwa na mtu mwingine.

Hakuna aliyenitazama. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Macho yote yalikuwa mlangoni.

Waliingia watatu; wawili walikuwa wakingoja uani. Aliyepiga hodi alikuwa na bandeji mkononi.

"Motokari ya wageni iko wapi?" akauliza. "Shofere ni nani?"

Mwenzake alimshika Mama Furaha shingoni.

Ambakisye akasimama kwa mguu wake wenye ganzi. "Mimi. Mwachie huyo mama. Hawa wengine ni wagonjwa, hamna faida nao."

Walisema wana majeruhi wa kupeleka mbele. Walisema watamrudisha jioni. Alitoa funguo kwenye soksi, akanigeukia mlangoni.

"Vero, waambie nyumbani ninachelewa."

Tukasikia majani ya migomba yakiburutwa, kisha injini. Iliwaka mara ya kwanza. Gari lake alilitunza vizuri.

Hakurudi jioni ile, wala baadaye. Baada ya siku mbili askari wa kulinda amani walitutoa. Watoto kumi na mmoja walitoka hai. Gari lilionekana limeungua kwenye barabara ya kaskazini, na ndani hapakuwa na mtu.

Kambini kwa askari wale ofisa mmoja alituuliza kwa Kiswahili imekuwaje tukagunduliwa. Nikamtafsiria Bibi Natsue swali. Alinitazama kidogo kupitia miwani yake, iliyokuwa imepasuka upande mmoja.

"Mwambie nilipiga chafya," akasema.

Nikamgeukia yeye badala ya ofisa.

"Wewe ni mkalimani. Tafsiri."

Nikatafsiri. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na sijawahi kutafsiri sentensi kwa wepesi ule. Nilipumua. Ninaona aibu kusema hivyo, lakini nilipumua.

Kwao aliirudia hadithi ya chafya ile kwenye televisheni, mbele ya taifa zima. Watu waliokuwa wamempenda maisha yao yote wakaanza kuandika kwamba bibi mbishi ameua dereva wa watu. Mwaka uliofuata kipindi chake kikafungwa. Aliendelea kuchangisha, katika kumbi ndogo, mahali ambapo hapo zamani asingepata hata nafasi ya kuegesha gari.

Mimi nilikwenda Soweto kupeleka ujumbe. "Amesema anachelewa," nikamwambia Mama Neema. Lilikuwa neno lake mwenyewe, ningelifichaje? Lakini kwa neno lile nilimfungia ndani. Wazee wa ukoo walitaka kukaa matanga bila mwili, akawakatalia: mume wake hajafa, amechelewa. Mashamba ya mumewe hakuyagusa. Nguo za Ambakisye alizifua na kuzianika kila mwezi.

Hasira yake aliituma Japani. Alinitamkia barua, nikaiandika kwa lugha ya kule: "Umeniondolea mume kwa chafya. Sikusamehe." Jibu lilipokuja nikamsomea: "Usinisamehe. Ila kula, na uwalishe watoto." Kwa miaka zaidi ya kumi ziliendelea barua za namna hiyo, na zote zilipita kwenye kalamu yangu. Kila "sikusamehe" niliyoiandika nilijua inakokwenda, na nilijua ilipopaswa kwenda.

Niliwahi kumwomba Bibi Natsue aniruhusu kusema ukweli. Akajibu: "Mimi ni mzee na niko mbali. Hasira yake inanifikia kwa posta. Wewe itakufikia kwa miguu. Kaa kimya." Nilikaa kimya. Alikuwa ameniokoa, na mimi nikawa kama nimerudi stoo, safari hii mlango nimeufunga kwa ndani.

Mwaka huu, baada ya masika, mpwa wa Bibi Natsue aliniandikia kwamba bibi amefariki usingizini.

Sikuweza kumwacha azikwe na chafya yangu. Nilikwenda Mbeya. Mama Neema alinikaribisha uani, mvi zimemjaa, nikamwambia yote nikiwa nimesimama: nyayo, hodi, karibu, bandeji. Nikamwambia kwamba yule bibi hakupiga chafya. Nikamwambia pia ninachoamini kuhusu neno la kuchelewa, kwamba Ambakisye alijua harudi na alikuwa anatupunguzia uchungu.

Hakulia. Niliona anapiga hesabu ya barua zote zile.

"Lete kalamu," akasema mwishowe.

"Mama, Bibi Natsue ameshafariki."

"Nimesikia. Ana ndugu. Waandikie." Akafuta uso kwa ncha ya kitenge. "Anza na pole ya msiba. Sema inatoka kwa mjane wa Ambakisye."

Ilikuwa mara ya kwanza kujiita mjane. Nikaandika. Akatamka kwamba amemlaumu mtu asiye na kosa, kwamba anaomba radhi kaburini kwake, kwamba siku atakayoweka matanga ya mumewe atalitaja na jina la Bibi Natsue. Nilimaliza, nikaikunja karatasi.

"Na mimi, mama?" nikauliza.

Aliichukua barua mkononi mwangu, akainuka.

"Wewe kwako bado sijafika," akasema, akaingia ndani.