Kikohozi cha Maman na Maharage Ishirini

Wakati ule wa Zaïre, mdogo wangu alikuwa mwaka wa mwisho wa saikolojia, na mimi mwaka wa sijui ngapi wa kukaa nyumbani. Diploma yangu ya sekondari ilitundikwa sebuleni; hata yenyewe haikutoka nje.

Mémoire yake, ile tasnifu ya kumalizia chuo, ilidai kwamba wazaliwa wa kwanza hugawa chakula zaidi kuliko vitinda mimba. Mimi ni mzaliwa wa kwanza na ninajijua. Nikashuku papo hapo.

Profesa alikuwa amemwagiza aonyeshe kwanza anachotarajia. Akatia maharage ishirini katika vikombe vitatu: kumi na mawili kwa dai kwamba wakubwa hugawa zaidi, manne kwa wadogo, manne kwa "ni sawa tu". Kila mtoto akijaribiwa, maharage yangehamia kikombe kilicholitabiri vizuri zaidi jibu lake.

"Umejipa ushindi mbele ya mechi," nikamwambia.

"Hapana, yaya. Nimeonyesha naegemea wapi, ili unikamate." Yaya ndivyo mdogo anavyomwita mkubwa wake kwetu.

Watoto wa jirani waliingia sebuleni wawili wawili. Kila mara mmoja wao akapewa vipande sita vya muwa. Wakubwa waligawa. Vitinda mimba walitafuna. Kikombe cha wakubwa kikafika kumi na saba, na mdogo wangu akapeleka abakosti yake, suti ya kumwendea profesa, kupigwa pasi.

Lakini mtu wa kukaa nyumbani huona. Mkubwa akisita, maman yetu, kwenye kona na ushoni wake, alikohoa. Kitinda mimba akimaliza vyote, alishona tu.

"Maman akikohoa, hata mimi nitagawa," nikasema. "Muchoyo na mwema watafanya vile vile. Jibu hilo halisogezi hata harage moja."

"Yaya, wewe iko na wivu."

"Iko. Na maman anakohoa."

Akahesabu siku. Mémoire ilitakiwa mwisho wa mwezi. Bila hiyo angerudia mwaka. Kisha akarudisha maharage yote yalipoanzia.

Tulimtuma maman shambani Nyantende, tukaita watoto wa avenue nyingine. Wakubwa wawili walinyonya mpaka maganda. Mwishowe "ni sawa tu" ilikuwa na kumi, wakubwa saba, wadogo matatu. Mdogo wangu aliandika hivyo hivyo, kikohozi ndani, akaenda kwa profesa kama anayekwenda kuzika.

Alirudi jioni. Mémoire imepokelewa, ila profesa anataka kujua aliyekohoa ni nani.

"Umemwambia?" maman akauliza.

Wiki nzima maman alinipakulia chakula mwisho wa wote, mimi niliyekisikia kikohozi.