Pamba Masikioni mwa Mwanangu

Mwanangu wa kwanza tulimwita Sikio. Jina lake lipo, lakini mtaani hakuna aliyelitumia. Ulikuwa ukinong'ona jikoni, yeye anakujibu kutoka uani. Majirani wakija na umbea walichungulia kwanza mlangoni. "Sikio yupo? Kama yupo nipe maji tu ninywe, niende zangu."

Nilimzaa msimu wa kuchuma pamba. Mimi na marehemu baba yake tulikuwa vibarua kwenye shamba la watu. Ukiitazama kwa mbali, pamba ni nyeupe na laini. Ukiichuma ndipo unajua kwamba ganda lake likikauka lina ncha kama sindano. Vidole vinatoka damu, na damu ikidondokea pamba unafokewa kwamba umechafua mali. Mkunga alimsafisha mwanangu kitovu kwa pamba. Baba yake alipofariki, puani walimtia pamba. Sasa hata nikiisikia inatajwa dukani, moyo unashtuka kidogo.

Vijana nao nguo mpya wanaziita pamba. Mkwe wangu alipokuja kuposa, wadogo zake Sikio walisema, "Shemeji katupia pamba kali!" Kweli alipendeza, suruali ina mstari wa pasi ungeweza kukatia mkate. Ni fundi cherehani, mtu mpole, sauti yake ya chini mno. Nikasema moyoni, huyu hatampigia mwanangu kelele. Na hakuwahi kumpigia. Ningejua, ningemwombea mwanangu mume mpiga kelele.

Kaka yake mkwe alikuwa msimamizi kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, na ndiye aliyemwingiza Sikio kazini. Mle ndani kuna mashine zenye meno ya msumeno. Zinavuta nyuzi, mbegu zinabaki zinadondoka chini. Mbegu zinakwenda kukamuliwa mafuta, nyuzi zinashindiliwa marobota. Siku moja nilimpelekea mwanangu kitambulisho alichosahau. Niliposimama mlangoni tu kifua kikaanza kutetemeka kwa kelele, kama kuna mtu anatwanga ndani yake. Wanawake walikuwa wanaongea kwa mikono na midomo. Kila mmoja alikuwa na vishungi viwili vya pamba, kavisokota na kuvitia masikioni. Kinga nyingine sikuiona.

Jioni alipitia kwangu, maana tulikaa jirani, nywele nyeupe kwa vumbi. "Karibu, bibi kizee," nilikuwa namtania, naye anacheka. Baada ya miaka kadhaa nikaona hacheki mpaka awe amenitazama usoni.

Mimi ni mtu wa kuangalia. Shule sikuenda sana, lakini macho ninayo. Nikienda kwake nilimwona amekaa karibu na sufuria, kifuniko kinacheza, maji yanamwagikia moto, yeye anachambua mboga tu. Nikamwona anafua uani huku mtoto wake analia chumbani, na yeye si mama wa kuacha mtoto alie. Siku hiyo nikasimama nyuma yake nikamwita. Nikaita tena kwa nguvu, jirani akaitika. Nikamgusa bega, akaruka mpaka beseni likapinduka.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu lini nini?"

"Usinichezee akili. Mimi ndiye niliyekuzaa."

Akatazama mlango kwanza. "Mama, usimwambie mtu. Shemeji akijua ataniondoa kwenye mashine. Nikishaondolewa, nani atamwajiri kiziwi?"

"Na mumeo?"

"Yeye na kaka yake ni ulimi na mate. Akijua mmoja, kajua mwenzake."

"Sasa unaongeaje naye?"

"Kama ninavyoongea na wewe. Namtazama midomo." Akainamisha kichwa. "Ila akiwa kazini, ana pini mdomoni."

Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi. Mkwe anashonea sebuleni. Akipima nguo anabana pini kati ya midomo, na hivyo hivyo anaagiza: lete pasi, lete uzi mweusi, mpishe mteja akae. Sauti ya chini, midomo imefungwa. Mwanangu anapita mbele yake kama hajaitwa. Mwanzoni mkwe alirudia. Halafu akaacha kurudia. Halafu akaanza kuwaambia wateja, "Mke wangu huyu katia pamba masikioni." Wateja wakacheka, maana kwa mfanyakazi wa kiwanda cha pamba utani huo unajileta wenyewe. Lakini yeye hakuwa anatania.

Mwishowe akaitisha kikao. Alitaka kumrudisha mwanangu kwetu, na mtoto abaki kwake. Mjukuu wangu alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutamka maneno marefu. Mkwe alisema wazi kwamba mama asiyesikia la mtu hawezi kumlea binti yake. Tulipokuwa tunaingia, Sikio alinibana mkono. "Mama, umeniahidi."

Tulikaa sebuleni kwa mkwe, cherehani imefunikwa shuka. Upande wetu alikuwepo baba yake mdogo, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye aliyeongoza. Upande wao alikuwepo yule kaka msimamizi na shangazi yao, mwanamke mwenye ulimi. Feni ya dari ilikuwa inakwaruza. Mimi mwenyewe nilitega sikio ili nisipitwe.

Mkwe alieleza taratibu, bila kumtukana mtu. Alisema anaita haitikiwi, anaagiza haletewi, anaonya haonyeki. Alikuwa anasema huku anatazama sakafu, na nikamwona mwanangu anainama, anajaribu kuupata mdomo wake.

"Mtazameni!" shangazi akasema. "Anamkodolea mumewe macho kama yuko sinema. Hata aibu hana."

Baba mdogo akakohoa. "Mwanangu, tumemsikia mwenzako. Nikuulize, nawe unijibu mbele ya watu. Ni kweli unatia pamba masikioni?"

Nilimwona mwanangu uso unafunguka. Swali hilo alikuwa amelipata lote, maana baba mdogo alilisema polepole, kidole kikionyesha sikio. Akadhani wameanza kumuuliza ya kazini, na kwamba wakishajua jinsi kazi ilivyo nzito watamhurumia.

"Ndiyo, baba. Natia."

Shangazi akapiga makofi. "Haya! Mmesikia wenyewe?"

"Unatia?" Baba mdogo hakuamini. "Unakiri?"

"Natia kila siku. Bila pamba utakaaje pale? Wote tunatia. Hata shemeji anajua."

"Wote!" Shangazi akageukia ukuta. "Kumbe wamefundishana huko! Kiwanda kizima hakuna mwenye adabu!"

Mkwe alifunika uso kwa kiganja. Nadhani mpaka wakati ule alikuwa anatumaini atakanusha. Nikamtazama kaka yake, yule msimamizi. Alikuwa anaijua pamba inayosemwa, kila asubuhi anaiona ikisokotwa. Neno moja lake lingetosha. Alikuwa anapangusa kiatu.

Sikuweza kuvumilia. Nikasahau ahadi. Nikasimama nikasema kwa sauti kubwa kupita feni, "Jamani, mwanangu hasikii! Mimi mama yake nawaambia, hasikii!"

Baba mdogo akatikisa kichwa kwa huzuni, akaniambia, "Pole, shemeji. Si jambo dogo mama mzazi kusimama na kusema hivyo."

"Sivyo! Nasema hasikii, masikio yake..."

"Tumekuelewa, mama. Keti," shangazi akadakia. "Tangu utotoni alikuwa hasikii?"

"Utotoni alikuwa anasikia kuliko wote!"

"Basi kaharibikia ukubwani," shangazi akamalizia. "Hao ndio wabaya zaidi."

Nilijaribu tena, nikagusa masikio yangu, nikasema neno kiziwi, lakini wote walikuwa wanaongea, na shangazi akasema sasa natafuta visingizio baada ya kuona nimemwangusha mwanangu. Sikio alikuwa ananitazama mimi mdomo, kisha wao, kisha mimi. Hakujua alichokiri. Nilikuja kumweleza baadaye, tukiwa tumekaa juu ya furushi la nguo zake, na ilinibidi nirudie.

Mtoto alibaki kwa baba yake. Analetwa kwetu siku za mapumziko.

Kumbe kwenye kikao kile alikuwepo mtu mmoja aliyenielewa vizuri. Jumatatu msimamizi alimsubiri mwanangu getini. Alimsemesha ana kwa ana, akitamka kila neno kwa upana, kama mtu anayejua anaongea na nani. "Shemeji, mashine si mahali pa mtu asiyesikia. Ikitokea ajali, nitajibu nini?" Bado alimwita shemeji. Mwanangu aliniambia hilo ndilo lililomuuma.

Siku hizi anajaza mito hapa nyumbani. Ananunua pamba ya makapi, anaichambua kwa vidole, anaondoa vipande vya maganda, anashindilia. Wateja wanamsifu kwamba mito yake haina vinundu. Kazi hii haina kelele hata kidogo, nami mara nyingine natamani ingekuwa nayo.

Mjukuu wangu alipokuja juzi alisimama mlangoni akamwita mama yake. Sikio alikuwa ametupa mgongo, anashona mdomo wa mto. Mtoto akaita tena, kisha akanigeukia akasema, kwa sauti ile ile ya chini ya baba yake, "Bibi, mama katia pamba masikioni."

Sikumchapa. Nilimkalisha mapajani, nikachukua pamba kwenye gunia, nikasokota vishungi viwili, nikamtia masikioni vizuri bila kumuumiza. Nikaweka kiganja mbele ya mdomo wangu. Nikamwita jina lake, kwa kunong'ona, mara nyingi. Alikuwa anacheza na kifungo changu tu. Nikamtoa pamba.

"Ulisikia nilichosema?"

"Hapana. Ulisema nini?"

"Nilikuwa nakuita. Sasa mbona hukuitika? Huna adabu?"

Akafikiri. "Si kulikuwa na pamba?"

"Basi na mama yako ndivyo anavyosikia. Si kwamba hataki."

Akamtazama mama yake muda mrefu. Nikaona kaelewa, nikafurahi, baada ya siku nyingi. Halafu akaniuliza, "Sasa bibi, kwa nini haitoi?"

Nikamwambia alishaitoa.